Lipstiki nyekundu ya mke wako: aliyekwambia ni haramu nilikuwa mimi

Bismillahi.

Ndugu zangu, leo sina utangulizi mrefu. Hivi karibuni dada mmoja alinitumia ujumbe, na ameniruhusu niueleze bila kumtaja. Ana miaka 19 ndani ya ndoa, watoto wanne. Siku hiyo alinunua lipstiki nyekundu, nyekundu ya kweli, si ile ya waridi ya kuogopaogopa. Jioni akaoga, akajifukiza udi, akapaka. Mumewe aliporudi alimtazama, akachukua kanga iliyokuwa juu ya kiti, akamfuta mdomo kwa mkono wake. Kisha akatoa simu akamwekea darsa la ustadh mmoja anayesema mdomo mwekundu ni alama ya wanawake wa baa, na mke wa Muislamu hajifananishi na watu wa baa.

Ustadh huyo ni mimi.

Dada hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: dalili yake iko wapi?

Nimetafuta. Sikupata aya. Sikupata hadithi. Nilichokipata ni kumbukumbu yangu: nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu walikuwepo wanawake wawili tu waliokuwa wakipaka rangi nyekundu mdomoni, na wote wawili walikuwa wakihudumu kilabuni. Nikakua na picha hiyo, nikapanda nayo mimbari, nikaiita dini. Astaghfirullah.

Sasa tuongee kwa elimu. Kanuni mnaijua: mambo ya kawaida ya watu, mavazi, vyakula, mapambo, asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuzuia. Na katika Suratul A'raf, aya ya 32, Allah Subhanahu wa Taala anauliza kwa kukemea: ni nani huyo aliyeharamisha pambo Alilowatolea waja Wake? Tazama vizuri anayekemewa pale. Si anayejipamba. Ni anayeharamisha. Basi mimi na video yangu tulikuwa tumesimama upande gani?

Najua mtakaloniambia, maana nililisema mimi mwenyewe: kujifananisha. Naam, katazo la kujifananisha lipo, silikatai. Lakini kitu huwa alama ya kundi kikiwa ni cha kundi hilo peke yake. Nenda leo Kariakoo, nenda Darajani, nenda Mwembe Tayari. Lipstiki iko meza moja na hina, wanja na pini za mitandio. Anayenunua ni mwalimu, ni muuguzi, ni bibi harusi, ni mama wa watoto wanne. Hiyo ni alama ya baa gani?

Tena wacha niwakumbushe watu wa pwani. Bibi zetu walitafuna tambuu. Jani, popoo, chokaa na katu, na mdomo ukawa mwekundu pale pale. Bibi yako alikaa barazani na mdomo mwekundu, sijda iko kwenye paji la uso, tasbihi mkononi, na hakuna sheikh aliyemwita mwanamke wa baa. (Sisemi mrudi kwenye popoo, madaktari wanaihusisha na saratani ya kinywa. Nasema rangi ile ilikuwepo.) Na bibi harusi wetu anafundishwa na somo wake singo, udi, hina, kikuba cha asumini. Wazee hawakuona haya kumfundisha binti kumpendeza mumewe. Sisi tuliosoma ndio tumekuja na haya mpya.

Lakini hoja yangu kubwa haiko Kariakoo wala barazani. Iko kwenye nyumba ya Abu Dardaa, radhi za Allah ziwe juu yake.

Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu Salman na Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa amevaa hovyo, hajajitengeneza kama mke. Akamuuliza ana nini. Akajibiwa kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Mchana anafunga, usiku anaswali. Salman hakusema mashaallah, huyu mama ameipa dunia mgongo. Alikaa na Abu Dardaa, akamlazimisha afungue swaumu yake ya sunna na ale pamoja naye, akamzuia kusimama usiku mpaka ulipofika mwisho wake, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na mkeo ana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari.

Soma tena taratibu. Swahaba anaingia nyumbani, anamwona mke asiyejipamba, na hapo hapo anajua kuna haki ya mtu imepotea. Sisi tunaingia nyumbani, tunamwona mke aliyejipamba, tunatafuta kanga ya kumfutia!

Na Mtume (S.A.W.) walipokuwa wakirudi safarini na maswahaba zake aliwazuia wasiwavamie wake zao usiku kwa ghafla, ili aliyetimka nywele apate kuchana na ambaye mumewe alikuwa mbali apate kujisafisha. Jeshi zima linasubiri, ndugu yangu, ili wanawake wajitengeneze. Wewe umetoka dukani tu, na huwezi kusubiri dakika mbili kabla ya kukunja uso.

Ibn Abbas naye imepokewa kwamba alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake, na alijenga hilo juu ya aya ya 228 ya Suratul Baqara inayotaja haki za wanawake. Hapa sitaki kurefusha. Jitazame tu singlendi uliyovaa.

Sasa najua wapo wanaosoma wakifurahi kupita kiasi, wanasema ustadh ameruhusu tutoke nayo. Hapana. Aya ya 31 ya Suratun Nur iko pale pale. Imetaja watu ambao mwanamke anawaonyesha pambo lake, na wa kwanza kutajwa ni mume. Mdomo uliokolezwa nyekundu ili utazamwe na kituo kizima cha daladala, hilo siliungi mkono, na yale matangazo yanayomwambia binti kwamba bila rangi hana thamani wala hawezi kujiamini yanamuuzia hofu kwanza, kisha yanamuuzia dawa ya hofu hiyo.

Lakini wanaume msikimbilie aya ya 31 mkairuka ya 30. Iliyotangulia inawaambia waumini wanaume wainamishe macho. Juzi mtu amenilalamikia kuhusu wasichana wa chuoni na midomo yao, akanieleza mpaka rangi, na nani alikoleza zaidi. Nikamuuliza, macho ulikuwa umeyainamisha wapi ukayaona yote hayo? Na wewe unayetazama midomo myekundu kwenye simu mpaka saa sita usiku, halafu ya mkeo unaifuta kwa kanga, usiniletee habari za uchamungu. Huichukii rangi. Unachokikataa ni huyu uliyemzoea kukukumbusha kwamba na yeye ni mwanamke.

Kina dada, maswali yenu ya kila siku. Wudhuu: midomo ya nje ni sehemu ya uso, kwa hiyo chochote chenye utando unaozuia maji lazima kitoke kwanza, hasa zile lipstiki za kukauka ambazo hata chai haizitoi. Pitisha mafuta ya nazi, futa, osha, tawadha. Wapo wanaosema hii ndiyo sababu ya kuiharamisha. Unga wa ngano nao ukikaukia vidoleni unazuia maji, na sijasikia fatwa dhidi ya chapati. Swaumu: kupaka juu ya midomo hakufunguzi, ila usiilambe ukameza. Na mtazame boksi, kwa sababu baadhi ya rangi nyekundu ni karmini, inayotokana na wadudu, namba yake ni CI 75470. Kwa sisi Mashafii wadudu hawaliwi, na cha mdomoni huishia tumboni. Zisizo nayo zipo, chagua hizo.

Ipi inapendeza, mimi si mtaalamu, nimemuuliza mama watoto. Amecheka sana, kisha akasema wenye ngozi iliyokoza wasiogope nyekundu nzito na damu ya mzee, wapake mafuta kidogo kwanza ili midomo isipasuke, na waijaribu mchana dirishani kwa sababu taa ya duka inadanganya. Alipomaliza akaniuliza mbona miaka yote hii sikuwahi kumuuliza yeye. Sikuwa na jibu.

Dada yangu uliyeniandikia: dalili haipo. Ulichofanya jioni ile kina ujira kwa Allah inshaallah, na usiitupe lipstiki yako.

Kaka, mume wake, nasikia unanifuatilia humu. Kosa la fatwa ni langu, nitaulizwa mimi. Mkono uliomfuta ni wako. Leo ukirudi nyumbani muombe radhi, na usimpelekee ujumbe wa simu, mwambie kwa mdomo.

Ile video nimeiondoa. Kama unayo kwenye simu yako ifute, na kama ulimtumia mtu, mtumie na maneno haya.

Wallahu aalam.