FOMU AU HIFADHIDATA: HESABU YA WANACHAMA IKO WAPI?



Katika ofisi nyingi za matawi siku hizi kuna kompyuta moja mezani na karani mmoja mwenye kazi za watu watatu. Swali linaloulizwa ni hili: habari za wanachama ziandikwe katika fomu za programu ya kuandikia barua, kila mtu na fomu yake, au zitiwe katika hifadhidata? Wengine wasema hilo ni shauri la mafundi. Mimi nasema sivyo. Ni shauri la ada yako na nguvu za chama chako.

Kwanza tuitendee haki fomu. Karani yeyote aijua. Hufunguliwa, hujazwa, hupigwa chapa, hutiwa sahihi, basi. Kwa karatasi ambayo ni lazima iwe na sahihi ya mtu, sioni ipitayo fomu, na Fomu S yetu ni karatasi ya namna hiyo.

Lakini taabu yaanza siku ya kuuliza. Tuseme tawi lina wanachama 600. Hapo pana faili 600 ndani ya kompyuta, na hakuna moja imjuayo mwenzake. Mwulize karani ni wangapi wako katika kiwanda fulani; itambidi azifungue moja moja, tena atakuta jina la kiwanda limeandikwa namna tatu: hapa kwa kifupi, pale limekosewa, kwingine ni jina la zamani. Je, hao ni watu wa kiwanda kimoja au vitatu?

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, yamtaka mwajiri akitambue chama kilicho na zaidi ya nusu ya wafanyi kazi wake wanaoweza kujiunga. Mwajiri akibisha, hotuba hazitatufaa kitu. Zatakiwa hesabu, mtu kwa mtu. Nacho kifungu cha 48 chasema kwamba, amri ya Waziri ikiwapo, mwajiri aanze kukata ada katika muda wa siku 30 tangu kupelekewa Fomu S yenye sahihi ya mfanyi kazi. Nani katika ofisi zetu aweza kusema leo hii ni Fomu S zipi zimepita siku 30 na ada haijaonekana? Hifadhidata hujibu swali hilo mara moja, mradi tarehe zimetiwa. Fedha za chama zapotea hapo, kimya kimya, wala hakuna mwizi wa kumshika.

Hifadhidata si uganga. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza mwaka 1970 jinsi ya kupanga habari katika majedwali yanayoshikana. Kwetu sisi ingekuwa hivi: jedwali la wanachama, jedwali la waajiri, jedwali la kazi (nani alikuwa kwa mwajiri gani, tangu lini hata lini), na jedwali la ada. Kila mwanachama ana namba yake, kila mwajiri yake. Jina la kampuni huandikwa mara moja tu. Likibadilika, lasahihishwa mahali pamoja. Mtu akihamia kazi nyingine, mstari wa zamani haufutwi. Hutiwa tarehe ya kutoka, mstari mpya ukaongezwa, maana mwajiri mpya naye ni lazima apelekewe Fomu S.

Tena hatulazimiki kuitupa fomu. Programu ya kuandikia yaweza kuvuta majina kutoka hifadhidata na kuyajaza yenyewe, karani akapiga chapa barua 200 kabla ya chai.

Kazi ya mwanzo ni kubwa, sikatai. Tawi la watu 30 lisijisumbue, daftari lalitosha. Kwa matawi makubwa gharama si udhuru, kwani programu kama LibreOffice Base haina bei. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa nayo na kuzitia habari sawasawa.

Jambo moja lanitia hofu. Habari zikikusanywa mahali pamoja, aliyeziiba amezipata zote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yahesabu majina ya watoto, wazazi, na mume au mke wa mtu kuwa habari nyeti, nasi twayaandika kwa ajili ya msaada wa mazishi. Basi nakala itolewe kila wiki, iwekwe chini ya kufuli nje ya ofisi ile, na mara kwa mara ijaribiwe kama yafunguka. Neno la siri lijulikane na katibu pamoja na mweka hazina, si fundi peke yake. Fundi naye hutafuta kazi, na akihamia Mombasa twataka ofisi ifunguliwe Jumatatu kama kawaida.