Sura ya Mpiga Ilimba kwa Rangi za Maji

Waalimu wawili wameniuliza jinsi ya kuwafundisha watoto kuchora sura ya mtu kwa rangi za maji bila kupoteza karatasi nyingi. Nitawajibu kwa habari ya kazi yangu mwenyewe, maana nalijifunza kwa kuharibu.

Baba yangu alikuwa mpiga ilimba, naye alifariki nilipokuwa mtoto, asiache picha hata moja. Mwaka huu mama aliniomba nimchore. Nami, kwa kuwa nalifundishwa kuchora shuleni, nalikubali upesi, kisha nikaogopa. Basi nikaona yafaa kwanza niuzoeze mkono kwa picha ya mpigaji mwingine, ndiye Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938, akafundisha muziki huko Bagamoyo, akafariki mwaka 2003. Picha zake ni nyingi, na hata watu wa nchi za mbali walimjua kwa ilimba yake na zeze lake.

Mara ya kwanza nalichora kila kitu: kila ulimi wa chuma juu ya ubao, na kila kunyanzi la uso. Ikawa kama hesabu ya vitu vya dukani, mtu hayumo. Mara ya pili nalichora kwa kalamu ya risasi mistari michache tu: mwinamo wa kichwa, mabega, sanduku la ilimba, na vidole gumba viwili, maana ndivyo vipigavyo. Kisha nikaitazama ile picha kwa macho nusu wazi. Ukitazama hivyo, madogo hupotea, yakabaki mahali pa mwanga na mahali pa kivuli. Hayo ndiyo ya kuchora.

Rangi zilikuwa tatu: kahawia nyekundu, manjano ya udongo, na buluu iliyokolea. Nyeusi sikuitia, kwa maana ngozi yetu ikichorwa kwa nyeusi tupu huwa kama masizi. Changanya kahawia na buluu, upate weusi ulio hai. Nyeupe nayo haihitajiwi. Weupe ni karatasi yenyewe, basi paache pakavu pale jua lipigapo paji la uso na pua. Anza kwa maji mengi na rangi kidogo, ungoje ikauke kabisa, ndipo utie kivuli cha pili juu yake, na cha tatu. Asiyengoja hupata matope. (Watoto wangu hawangoji, wala mimi siku zile sikungoja.) Macho usiyachore kope kwa kope, kivuli kimoja chini ya nyusi chatosha. Ndimi za ilimba nalizipiga mistari minne mitano, na jicho la mtazamaji likaongeza zilizobaki.

Hata nikafika kwa baba. Uso sikuukumbuka vema, bali mikono naliikumbuka. Nikamchora ameinua kichwa, kama Zawose katika picha niliyokuwa nayo, nikampelekea mama. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, mikono ni yake. Lakini baba yako hakuinua kichwa hivi. Alikuwa akiiinamia ilimba, sikio la kushoto chini, kana kwamba yamnong'oneza."

Rangi za maji hazifutiki kama chaki, nami nalisaliwa na karatasi nzito moja tu. Siku tatu sikuigusa. Siku ya nne nikamwomba mama aketi karibu nami. Kwa kuwa kichwa kiliinama, karibu uso wote ukaingia kivulini, nikaacha mwanga katika paji, ncha ya pua na sikio. Ule uso nisioukumbuka haukuhitajiwa tena. Nilipotaka kuongeza mdomo, mama akanishika mkono.

"Acha hapo," alisema. "Ndiye."

Sasa picha i ukutani kwake, mbali na dirisha, maana jua hufifisha rangi hizi.