"Ajali haina kinga", lakini breki inayo

Wakulima na wachuuzi wa Pemba, leo bwana shamba anaingia gereji. Msishangae. Karafuu iliyokaushwa vizuri jamvini kisha ikamwagika bondeni si zao tena, na aliyekaa juu ya magunia hayo ana watoto nyumbani. Kazi ya ugani haiishii kwenye mkarafuu. Inaishia pale mzigo unapofika kituo cha ZSTC, ama bandarini Mkoani, pamoja na watu walioupeleka.

Gari ikikosa breki mteremkoni, neno la kwanza tunalolisikia ni hili: "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya jambo ambalo mtu hakuweza kuliona wala kulizuia. Mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ya kahawa kwa kukaa miaka yanaonekana kwa macho. Anayeyaona akayaacha, kisha akaisingizia kudra, anajitetea tu.

Sikilizeni mambo yanavyokwenda. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma pedi zibane diski. Nguvu inafika kwa sababu mafuta hayabanwi. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya breki, na kisiwa chetu unyevu haukikosi. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155.

Sasa pakia gunia za karafuu na mikungu ya ndizi, ongeza watu sita juu, teremka kilima kirefu mguu ukiwa kwenye breki. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta, maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke. Mvuke unabanwa. Mguu unazama mpaka chini na gari haisimami. Ikishapoa, breki inarudi, na watu wanasema dereva alichanganyikiwa.

Najua majibu yenu. "Gari yangu ndogo, haiendi mbali." Mafuta hunyonya maji hata gari ikilala uani. Yanahesabiwa kwa miaka kuliko kwa maili. Miaka miwili inatosha, yabadilishwe.

"Fundi huniongezea kila yakipungua." Hapo ndipo ninapogomba zaidi. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yakipungua, ama pedi zimelika, ama yanavuja. Kuongeza bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa, na yale machafu ya zamani yamebaki mule mule.

"Yakikosekana natia oili ya injini." Usithubutu. Oili ya injini na ya hadroliki huvimbisha mipira ya breki ikaharibika yote. Soma mfuniko wa kikopo. Ukisema DOT 3 ama DOT 4, tia hiyo. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikasahaulika stoo, itupe. Nayo imeshakunywa maji.

Kukagua ni kazi ya dakika tano. Simamisha gari pahali tambarare. Kikopo huwa chini ya boneti, upande wa dereva; kwa vigari vya mzigo vyenye injini chini ya kiti, mwambie fundi akuoneshe. Futa vumbi kabla ya kufungua. Mafuta yawe kati ya MIN na MAX, meupe ama ya manjano mepesi. Kisha washa injini, kanyaga breki uishikilie. Ikishuka polepole, kuna mahali panavuja. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo. Kwa yote mawili, gari isitoke.

Kubadilisha kunataka watu wawili, spana, mpira mwembamba, chupa tupu na lita moja ya mafuta mapya. Mnaanza na tairi lililo mbali zaidi na kikopo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ya kutolea upepo, machafu yanatoka, anafunga, ndipo mguu unaachiwa. Endeleeni mpaka yatoke masafi bila mapovu, kisha tairi jingine. Kikopo kisikauke hata mara moja, la sivyo upepo unaingia. Kama hujawahi kufanya, ama gari ina ABS, mpe fundi, lakini simama uone. Jaribu breki pahali tambarare kwa mwendo mdogo kabla ya kupakia. Mafuta machafu usiyamwage shambani wala karibu na kisima, na yakidondokea rangi ya gari, osha kwa maji haraka.

Gharama? Chupa ya mafuta ya breki ni sehemu ndogo mno ya bei ya gunia moja la karafuu kavu. Mwenye gari anayesema hana, huku akikusanya nauli kila siku, msimwamini.

Na wewe mchuuzi usiye na gari usijitoe. Wewe ndiye unayesema "ongeza gunia mbili, zimebaki hizo tu." Wewe ndiye unayechagua gari ya nauli rahisi. Mzigo ni wako, basi una haki ya kuuliza kabla haujapanda: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Dereva akicheka, ama akimtazama utingo wake, shusha magunia yako utafute gari nyingine.