Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Sisi watu wa pwani tulizoea kudhani kuwa utalii ni bahari. Kumbe huko Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, nchi iliyooteshwa mizabibu ya mvinyo wa Leleshwa, wageni na wananchi hupanda baiskeli, kiongozi mbele, wakaenda polepole wakitazama milima. Mvinyo mimi sinywi. Baiskeli naiunga mkono.

Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kupita kwa miguu au baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Hapo riziki hugawanyika: vijana hukodisha baiskeli, na kiongozi ni mwenyeji alijuaye kila jabali.

Lakini tusilisahau korongo la Ol Njorowa. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mle. Mwaka 2019 yakaua saba wengine, na kiongozi mmoja alikuwamo. Mvua hunyesha juu, mbali, na maji yakamkuta mtu chini hali hana habari.

Basi nauliza: kiongozi alipwaye kwa safari tu, akiivunja safari atakula nini? Apewe ujira hata siku atakayosema "leo hapana", na mgeni amtii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na apone kweli, roho yake kwanza, kisha mfuko wake.