Uwanja Nao Umepangishwa

Hapa mtaani Mulongwe wenye nyumba wengi, na hata wapangaji wenyewe, wanaamini kwamba ukipanga chumba umepanga kuta na bati tu. Uwanja ni wa mwenye parseli. Basi pikipiki ikilala ndani ya geti, ilipiwe kila mwezi. Imani hiyo ni dhuluma.

Tazama uwanja wenyewe. Mpangaji anawasha mbabula nje ya mlango, anaanika nguo, anapita hapo kwenda chooni, watoto wake wanacheza hapo mpaka giza. Hatozwi kwa hayo, maana kila mtu anajua nyumba haikaliki bila uwanja. Pikipiki ya motari, ambayo ndiyo inayolipa hiyo kodi, imekosa nini?

Asiyeweza kulipa hathubutu kuiacha barabarani usiku. Mara nyingi si yake hata, ana tajiri anayedai hesabu. Anaiingiza chumbani. Nimeona chumba ambamo gurudumu la mbele linagusa godoro la watoto, tangi linanuka petroli, na mbabula iko hatua mbili tu, mlangoni. Kwa faranga chache mwenye nyumba anakubali parseli nzima iungue!

Tena malipo haya huzuka mtu akishahamia. Garanti imetolewa (sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 imeiwekea ukomo wa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi), kodi ya kwanza imelipwa, ndipo habari ya pikipiki inaanza, ingawa alionekana akija nayo. Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inasema makubaliano ni sheria kwa waliokubaliana. Mmoja haamki asubuhi akaongeza bei peke yake.

Watasema mpangaji alikubali. Alikubali kwa sababu hana pa kwenda. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa nyumba nyingi, na anayetafuta chumba tangu hapo hana nguvu ya kubishana.

Aliyeajiri sentineli wa usiku ana gharama ya kweli, na wenye pikipiki wamchangie. Ila yasemwe kabla ya garanti, yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani atawajibika pikipiki ikiibiwa. Anayepokea pesa ya kuilaza, kisha siku ya wizi anasema hahusiki, azirudishe zote.