Nani atainunua Chemaf? Swali linaloulizwa nusu

Huku kwetu Lubumbashi kuna habari moja isiyokosa mlangoni mwa kanisa ibada ikiisha, zaidi upande wa Ruashi: nani atainunua Chemaf? Leo ni Wachina, kesho ni Wamarekani. Tunajua ninyi wa Goma na Bukavu mna mizigo mizito kuliko huu. Lakini kobalti inayochimbwa hapa ndiyo imo katika betri za simu na kompyuta mnazotumia kutusoma, na namna migodi inavyobadilisha mikono inawahusu ninyi pia.

Chemaf inachimba mahali pawili. Kwanza ni Étoile, karibu kabisa na mji wetu, mgodi wa zamani sana: shaba ya kwanza iliyoyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911 ilitoka huko. Pili ni Mutoshi, huko Kolwezi. Mwaka 2022 wafanyabiashara wa Trafigura walipanga mkopo wa dola milioni 600 ili Étoile ipanuliwe na kiwanda kipya kijengwe Mutoshi. Mwaka huo tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Kisha bei ikaanguka, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa karibu dola 21,000. Aliyekopa kwa hesabu ya bei ya juu atalipaje kwa bei ya chini? Kiwanda kilibaki hakijaisha, deni likabaki palepale, na wenye kampuni wakaanza kutafuta mnunuzi.

Mwezi wa sita 2024 walimpata: Norin Mining, tawi la kampuni ya serikali ya China iitwayo Norinco. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Gécamines ikasema hapana. Vibali vya kuchimba ni vyake, Chemaf imekodi tu, na mpangaji hawezi kumpa mtu mwingine ufunguo bila kumwambia mwenye nyumba. Washington nayo haikupenda kuona mgodi mwingine ukienda China. Mwezi wa tatu 2025 Norin ikajiondoa, na baadaye jina la Virtus Minerals ya Marekani likaanza kutajwa.

Tangu hapo wenye fedha wanabishana. Wengine wanasema deni ni kubwa mno, tena leseni si ya muuzaji. Wengine wanajibu kwamba shaba ina bei nzuri, na kwamba kobalti itapanda kwa sababu Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilifunga mauzo ya nje tarehe 22 Februari 2025, kisha mwezi wa kumi ikaweka mafungu kwa kila kampuni. Kwa hiyo mnunuzi wa sasa hapimi shimo peke yake. Anapima pia fungu atakaloruhusiwa kuuza nje.

Mtu angeweza kuifananisha Gécamines na Nabothi aliyekataa kutoa shamba lake. Sisi hatuoni hivyo. Nabothi alikataa kuuza. Gécamines ilikataa kuachwa nje ya mauzo. Tuliona jambo kama hilo mwaka 2016, Freeport ya Marekani, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilipouza sehemu yake ya Tenke Fungurume kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Gécamines ililalamika kwamba haikuarifiwa, na Januari 2017 ikapatana nao kwa dola milioni 100. Haki ya mwenye kibali ililindwa, ndiyo. Lakini mtu wa Fungurume alipata nini katika milioni hizo 100? Muulizeni.

Watu wazima wa Lubumbashi wana sababu ya kuogopa mambo yanayopangwa juu ya vichwa vyao. Mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa kuondoka kwa hiari. Jina hilo la hiari bado linachekesha watu hapa, kicheko kisicho na furaha. Kampuni iliyokuwa baba na mama, yenye shule, hospitali na posho, iliwapa bahasha moja na kuwafungulia mlango. Ndiyo maana uvumi wa Chemaf unapofika nyumbani kwa mfanyakazi, mama wa nyumba haulizi habari za China wala Marekani. Anauliza karo ya muhula ujao.

Kwake kuna jibu, ingawa si kamili. Kanuni ya Kazi ya Kongo inasema mwajiri akibadilika kwa kuuziana, mikataba ya wafanyakazi inaendelea kwa mwajiri mpya. Hailindi kila nafasi ya kazi milele, ila inamzuia mnunuzi kujifanya hawajui aliowakuta. Na Kanuni ya Madini ya 2018 haiulizi bendera ya mnunuzi: kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na katika kodi ile watu wa migodi wanayoiita redevance, asilimia 15 iende kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi umo. Kwa kobalti redevance ni asilimia 10, kwa hiyo si fedha kidogo.

Hapo ndipo tungependa wachungaji na wazee wa makanisa waweke nguvu. Komini ilipokea kiasi gani mwaka jana? Kamati inayosimamia ile asilimia 0.3 ina nani ndani yake, na je, kuna hata mtu mmoja wa kanisa au wa mtaa? Deni likihamia kwa mnunuzi, michango iliyochelewa itahama nalo, au itasahaulika njiani? Maswali haya yanaweza kuandikwa kwenye barua leo na kupelekwa komini kabla mnunuzi yeyote hajatia sahihi. Katika habari tulizosoma juu ya mauzo haya tuliona majina ya wanunuzi na ukubwa wa deni. Juu ya watu wa Étoile tuliona machache sana.