Mzee na Vyuma

Vijana wapendwa, mnatucheka tunaposema kwamba mzee wa miaka 55 aweza kuingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kunyanyua vyuma. Mwasema: ashike rozari, apumzike. Lakini kila asubuhi hapa Goma akina mama wa umri huo hupanda kutoka Ziwa Kivu na bidoni ya litri 20, takriban kilo 20, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wala hatujasikia mkiwaambia wapumzike. Basi hamcheki uzee. Mnacheka mzee aliyejichagulia mzigo. Daktari amwone kwanza, twakubali. Kisha atashindana na wa rika lake, majaribio matatu kwa kila mtindo. Akishindwa yote, atashindwa mbele ya watu, nanyi hata kusoma somo la Dominika mnakimbia.